Hodari gani wa kunyang'anya yatima?

Kuna kaklipu kanazunguka WhatsApp, jamaa kwa sauti nzito anasema Alexander Mkuu, yule mfalme wa Masedonia, alipoulizwa kitandani akikata roho anamwachia nani ufalme akajibu "aliye hodari zaidi", hapo muziki unapanda, eti na wewe amka upambane. Jamani! Kwanza wasimulizi wa kale wenyewe hawakubaliani kama alisema hivyo.

Mtu amefia Babeli 323 KK, ana miaka 32, mkewe Roxana ana mimba. Majenerali wakaafikiana wafalme wawe wawili, Arrhidaeus, ndugu yake kwa baba ambaye akili haikuwa sawa, na mtoto akizaliwa wa kiume. Kazaliwa wa kiume. Basi kuanzia hapo kila aliyetaka kumchinja mwenzake alikuwa "anawalinda wafalme". Mtoto wa watu kafanywa muhuri.

Ninayemhurumia ni Eumenes, karani wa Kigiriki katikati ya wababe wa Kimasedonia waliomdharau. Alisimamisha hema, ndani kiti cha dhahabu na juu yake taji na fimbo ya marehemu, vikao vyote vinafanyika mbele ya kiti kitupu. Ujanja, sikatai, lakini alibaki upande wa ile familia. Kule kwenye vita vya Gabiene, Antigonus, jenerali mwenzake aliyekuwa adui yake, akateka mizigo ya kambi yake, wake wa askari, watoto, akiba ya miaka yote ya vita, na wale askari wazee wa kikosi chake cha Ngao za Fedha wakamfunga bosi wao wenyewe wakamkabidhi ili warudishiwe vyao. Akauawa.

Halafu njoo kwenye mkataba wa majenerali wa 311 KK: Cassander, mmoja wao, ashike Ulaya mpaka mtoto atakapokua. Yaani unamwambia mtu cheo chako kinaisha dogo akibalehe, afu unategemea nini? Akaagiza dogo na mama yake wauawe kimyakimya, na wenzake wala hawakupiga kelele, iliwafaa wote. Haikupita miaka mingi kila mmoja akajiita mfalme.

Haya, Ptolemy, jenerali mwingine, nampa maksi zake, aliteka msafara wa maiti ya Alexander akaizika Misri, akatulia huko na akafa kifo chake cha kawaida. Lakini hao majenerali hodari wengine? Perdiccas aliuawa na maofisa wake mwenyewe. Antigonus kafia vitani Ipsus na uzee wake wa miaka kama 80. Seleucus ndo kabisa, 281 KK kachomwa kisu na mtoto wa Ptolemy aliyekuwa amemhifadhi mwenyewe. Hiyo kwenye klipu hawaweki.