Starehe

Shangazi yangu anakaa Michenzani, mjini Unguja, ghorofa ya juu kabisa, katika yale majumba ya enzi za Mzee Karume: marefu kama treni, na lifti hayana. Ijumaa ya kwanza tangu nirudi kutoka Uingereza aliniita nikale biriani. "Usile kitu," akanionya kwenye simu, "njoo na tumbo tupu." Nikatii. Asubuhi nilikunywa chai kavu.

Nikatoka msikitini na kanzu mpya, nyeupe hata inaumiza macho, nikaanza kupanda ngazi. Ghorofa ya kwanza mlango u wazi, pazia limepigwa fundo. Ndani baba mmoja na watoto wanne wamelizunguka sinia la wali na mchuzi wa changu. Akanyanyua kichwa, vidole vimejaa wali.

"Karibu!"

Sasa niseme haki. Leicester nimekaa miaka 11. Jirani tuliyepakana ukuta alinikaribisha chakula mara moja tu, na mwaliko wenyewe ulikuja wiki mbili kabla, ukiuliza kama nala mayai. Kule ukiambiwa njoo ule, ujue kiti chako kishahesabiwa. Kumkatalia mtu aliyekatisha tonge kwa ajili yangu niliona ni ufidhuli.

"Ahsante sana," nikasema, nikavua viatu.

Pakawa kimya. Kisha watoto wakasogea, kama wanavyosogea abiria wa daladala iliyokwishajaa. Nikaletewa maji ya kunawa. Yule baba muungwana kwelikweli: alinimegea samaki kwa mkono wake, akaniuliza baridi ya huko, na kama niliwahi kuiona Manchester United kwa macho yangu. Nami naeleza, natonesha mchuzi kifuani, naukunjulia mkono mkia wa samaki uliobaki peke yake ukingoni mwa sinia. Nilishangaa kidogo mbona hakuna anayeugusa.

Ushaingia mdomoni, akatokea kijana wa miaka saba hivi, kashika mfuko wa barafu unaovuja. Kumbe alitumwa dukani. Akaangalia sinia. Akaangalia mkono wangu, na miba ya ule mkia ningali nimeibana vidoleni. Bora angelia. Aligeuka tu na barafu yake, nikasikia kandambili zinapanda ngazi mbiombio.

"Msamehe," akasema baba yake. "Hana adabu."

Yeye ndiye asiye na adabu!

Nikaaga. Ghorofa ya pili mlango mwengine wazi, sinia jengine, mzee kashika tonge: "Karibu!" Moyo ukanipiga paa. Nyuma yangu alikuwa anapanda bibi mmoja na kikapu chake cha sokoni, hata mwendo hakupunguza.

"Starehe!" akajibu, akanipita.

Starehe! Neno nililofundishwa kabla sijajua alifu, na marehemu bibi akinifinya kila nilipolisahau. Nikaanza kulilipa deni. Ghorofa ya tatu, starehe. Ya nne, starehe, na pale hapakuwa na mtu anayekula, mama wa watu alikuwa anafagia mlango wake.

Juu mkeka umetandikwa. Biriani imepakuliwa, wali umepigwa zafarani, sosi nzito yenye mbatata, achari ya embe pembeni. Shangazi kakaa na upawa wake mkononi. Macho yake yakaanzia usoni kwangu, yakashuka kifuani, yakatua hapo. Manjano ya mchuzi wa changu huwezi kuyasingizia wino.

"Karibu, mwanangu. Tunakungoja wewe tu."

"Starehe, shangazi."

Wallahi limenitoka lenyewe. Upawa ukabaki hewani.

"Starehe?" akasema, sauti chini, na sauti ya shangazi ikishuka ndiyo ya kuogopwa. "Mie nimeamka alfajiri nakaanga vitunguu, wewe unaniambia starehe? Mkia wa samaki wa mtoto wa watu hukuuambia starehe."

Habari ilishanitangulia. Upande wa pili wa mkeka kakaa yule kijana, mfuko wa barafu kauweka sakafuni umeshafanya ziwa, na mbele yake sahani niliyowekewa mimi, imefurika, na paja zima la kuku juu yake. Akanitazama muda mrefu. Lakini malezi ni malezi.

"Karibu," akaniambia, shavu limejaa, na mkono wa pili kaufunika juu ya lile paja.