Geuza uso, mtu anaandika nenosiri lake

Jumamosi iliyopita nilikuwa maktaba ya mtaani kwetu hapa Leicester, Uingereza, nasubiri zamu ya kompyuta. Mbele yangu alikaa mzee mmoja, vidole vinamtetemeka, amekuja kujaza fomu ya serikali, maana huku misaada mingi siku hizi inaombwa mtandaoni. Mama wa maktaba alikuwa naye hatua kwa hatua mpaka wakafika kwenye nenosiri. Hapo akazungusha kiti, akampa mgongo, akawa anatazama dirishani. Mzee akadonoa herufi moja moja. Akakosea, akaanza upya. Muda wote huo yule mama hakugeuka hata mara moja, mpaka mzee aliposema amemaliza.

Nilitamani kumkumbatia. Halafu nikakumbuka steshenari ya kwetu Korogwe, Tanzania, roho ikaniuma.

Mnaijua ile steshenari. "Dogo, nifungulie imeili, wamesema lazima uwe nayo." Anauliza namba ya simu, unasema kiswaswadu chako kimejaa meseji, aweke ya kwake. Anaweka. Nenosiri anabuni yeye, jina lako na 1234 mbele, analiandika kwenye kaunta buku lake na kwenye kikaratasi utakachokipoteza kabla hujavuka barabara. Vyeti vikishapigwa skani vinabaki pale pale kwenye kompyuta, mafolda yenye majina ya watu wa mtaa mzima: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne. Anayekuja baada yako anayaona yote. Unalipa elfu mbili, unashukuru, unaondoka.

Mdogo wangu aliondoka hivyo hivyo. Akaomba kazi sehemu, wakampigia kumwambia maelekezo ya usaili yametumwa kwenye baruapepe. Alipojaribu kuingia akaambiwa nenosiri si sahihi, na namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu inayoishia na tarakimu mbili ambazo si zake. Yule kijana wa steshenari alishahamia Dodoma na laini alishabadilisha. Tulimtafuta siku nne. Siku ya tano usaili ukafanyika bila mdogo wangu.

Najua mtakayosema. Dada kakaa Uingereza miaka sita, sasa anatuona washamba. Hapana. Imeili yangu ya kwanza nilifunguliwa steshenari vile vile, na yule kaka nilimwona mkombozi. Wala simlaumu kijana. Ana LUKU ya kulipa, bando linakata, foleni imefika barabarani, na kila mmoja anataka amalize yeye kwanza. Mama wa maktaba analipwa mshahara na halmashauri, ana muda wa kutazama dirishani. Tofauti hiyo naiona na naikubali.

Lakini msiniambie watu wetu hawaelewi siri. Hapo tutagombana! Mama yangu anauza vitumbua, darasa la saba, simu yake ni ya vitufe. Akifika kwa wakala anaiinamia ile simu na kuifunika kwa khanga, anabonyeza namba ya siri gizani kwa kidole gumba. Marehemu baba hakuwahi kuijua namba ile. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na nchi nzima ilijifunza kuficha namba ya siri bila semina wala posho. Wenzangu kazini hapa nikiwaeleza kwamba mama anapokea hela kwenye simu isiyo na intaneti wanabaki wananitazama. Ninajivunia jambo hilo kweli.

Sasa kwa nini mama yule yule akipelekwa steshenari anasema "andika tu mwanangu, mimi sina siri"? Kwa sababu haoni hela mle ndani. Na humo ndimo zilipo! Kwenye baruapepe ndipo barua za kazi, maombi ya mkopo wa chuo na vyeti vinapopita. Anayeshika baruapepe yako anaweza kubadilisha nenosiri la karibu kila akaunti uliyoifungua kwa anwani hiyo.

Mwingine atasema Tanzania sheria hakuna. Ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Ila sheria haiwezi kukaa kwenye kila kiti cha steshenari.

Kwa hiyo, ndugu zangu, futeni meseji mbili tatu kwenye kiswaswadu, akaunti ifunguliwe kwa laini yako mwenyewe. Nenosiri andika kwa mkono wako hata ukichukua robo saa, foleni isubiri. Mwambie kijana afungue dirisha la hali fiche (incognito), lile lisilotunza kumbukumbu za ulichofungua, na kompyuta ikiuliza kama ihifadhi nenosiri, kataa. Kama ulishafunguliwa zamani, ingia leo kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, utazame namba ya simu iliyowekwa ni ya nani na vifaa gani bado vimeingia. Usivyovijua, viondoe. Ukiwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri unathibitisha tena kwa simu yako, Google wanakupa misimbo 10 ya akiba, namba za kuingilia pale simu isipokuwepo. Inakili kwenye karatasi, uiweke pamoja na vyeti vyako ndani ya sanduku. Laini ikifungwa kwa kutotumika, namba ikapewa mtu mwingine, karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa. Mimi iliniokoa laini yangu ya nyumbani ilipokufa nikiwa huku. Na usiiache akaunti ikalala: tangu Desemba 2023 Google wana ruhusa ya kufuta akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka miwili.

Jumapili nilimpigia mdogo wangu, tukafungua akaunti mpya, yeye akibonyeza mwenyewe, mimi nikimwelekeza kwa sauti tu. Kompyuta ilimkatalia mara mbili, ikakubali ya tatu. Akafurahi mno.

"Dada, imekubali! Nimeweka jina la yule mbuzi wetu na..."

Nikamkatiza. "Nyamaza. Usiniambie hata mimi."