Fundi wa kutu kaoza gego

Mi kazi yangu kupiga bodi. Mwaka wa 19 huu niko gereji hapa Tabata, nanyoosha bati, napiga puti, napaka rangi, na kama kuna wimbo nawaimbia wateja kila siku ni huu, kutu haijui kesho. Mtu analeta gari ina kipele kidogo tu pembeni ya tairi, rangi imevimba, anakwambia fundi we pitisha rangi hapo basi. Nachukua bisibisi nagonga, bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Nje kipele, ndani pango. Namwangalia kwa ile dharau ya kitaalam namwambia bosi, ulikuwa wapi?

Sasa mwezi uliopita mi ndo nimelazwa kwenye kiti, mdomo wazi kama boneti, na kuna binti rika la mwanangu wa kwanza anagusa gego langu na kichuma chenye ncha, kichuma kikazama, akanyamaza. Hakusema ulikuwa wapi. Ila nilimsikia.

Nilikuwa hapahapa! Ilianza mwaka jana na maji ya baridi kabisa, nikanywa nikapigwa shoti huku kulia chini, sekunde mbili tatu ikapoa. Nikahamia kutafunia kushoto, kwisha habari. Baadae ikawa andazi likiingia halitoki mpaka njiti ya kiberiti. Mama Junior kasema nenda hospitali, kasema mwaka mzima, nikamwambia jino haliumi mama, limeshtuka tu.

Na gereji ndo usiseme, pale kila mtu daktari. Mzee mmoja kaniambia humo ndani kuna mdudu, nijifukize moshi wa mbegu za ndulele nitamuona anadondoka. Mwingine kaleta karafuu, hiyo kweli ilisaidia, inatia ganzi fulani hivi, tatizo ganzi haitoi kutu. Halafu kuna dogo mmoja, sijui kalelewa wapi, kaniambia dondoshea maji ya betri kidogo. Maji ya betri! Yale yanayotoboa suruali yangu ya kazi, dogo anataka niyatie mdomoni yamalizie na fizi.

Basi pale kwenye kiti dokta kanipiga picha ya jino kanionyesha kwenye kompyuta. Nikamuuliza mdudu yuko wapi, akacheka, kasema baba hakuna mdudu wa hivyo, kuna bakteria huwaoni kwa macho, wanakaa kwenye ule utando unaoteleza juu ya jino usipopiga mswaki vizuri. Ukila sukari nao wanakula, wakishiba wanatoa asidi. Kumbe maji ya betri nilikuwa nayo tayari, natengenezewa humohumo.

Akaniuliza chai unakunywaje. Kwa ujinga wangu nikasema ukweli. Napata ya saa moja nyumbani vijiko vinne, ya saa nne na maandazi, kisha lile jagi la mama ntilie linakaa karibu na kompresa nadonoa donoa mpaka jioni, katikati soda. Akatikisa kichwa. Kasema shida hata siyo vile vijiko, ni hiyo kudonoa. Kila funda lenye sukari linawasha asidi nusu saa au zaidi, halafu mate ndo yanakuja kuizimua na kurudisha madini kwenye jino. We mate yako hayajamaliza kazi umeshaongeza funda jingine, toka asubuhi mpaka magharibi. Nikayaonea huruma mate yangu jamani, mfanyakazi bila likizo wala chai.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba lile gamba la juu, enameli, ndo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, zaidi ya mfupa, ila halina hisia hata chembe. Yaani wanalitoboa miaka na miezi huku limekaa kimya. Mlinzi gani huyu! Mpaka wafike kwenye dentini, ambayo ni laini na ina vijitundu vinavyoelekea kwenye neva, ndo unapata taarifa, na hapo kuoza kunatanuka kwa pembeni, ndo maana tundu la nje lilikuwa kama kichwa cha pini na ndani unaweza ukapangisha.

Eti mwanzoni kabisa linakuwaga doa jeupe tu, na doa hilo ukilishughulikia mapema, mswaki wenye floraidi, sukari ukapunguza, jino linaweza kujirekebisha lenyewe. Hapo nikamwonea wivu mwenye kuumba meno, maana bati likianza kutu halijawahi kurudi kuwa bati. Na mi nimepewa bodi inayojitengeneza yenyewe nikaishinda.

Nikauliza neva je. Kasema una bahati, shoti yako inapita haraka, haijafika. Ingekuwa linakuamsha usiku lenyewe bila kuguswa, mara nyingi hapo kuziba hakutoshi, ni kusafisha mzizi au kung'oa.

Ikaja sindano ya ganzi, hiyo sitaisimulia, mi mwanaume. Baada ya hapo ndo nikaanza kushangaa, maana kila anachofanya nakijua! Mashine inaendeshwa na upepo wa kompresa kama yangu. Grenda yangu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika na najidai nayo, kale kamashine kake zaidi ya 300,000, na kanajimwagia maji jino lisiungue. Akachimba uozo wote mpaka sehemu ngumu, sawa kabisa, huwezi kupiga puti juu ya kutu. Akapaka jeli ya bluu. Akaiosha, nikauliza kwa mdomo uliolala hiyo nini, kasema asidi ya fosforiki. Nikataka kuruka kwenye kiti. Asidi si ndo imenileta hapa? Kasema hii naiweka sekunde chache tu ili jino likwaruzike, dawa ishike. Nikatulia. Msasa huo. Na sisi asidi hiyohiyo tunatolea kutu.

Kisha puti yenyewe, nyeupe rangi ya jino, anaweka tabaka jembamba, anamulika na taa ya bluu kama sekunde ishirini, gumu! Anaongeza tabaka, anamulika. Mi puti yangu natia hadina ya kuigandisha naanika juani namuomba Mungu mvua isinyeshe. Mwisho kaniwekea kikaratasi cha rangi, ng'ata baba, saga, akaona palipozidi akapunguza, akang'arisha. Fundi yule. Ningempa kazi kesho.

Katikati ya yote hayo kaingia nesi mdogo na heshima zake, "shikamoo baba", na mi mdomoni kuna bomba, pamba na mikono miwili ya mtu. Marahaba yangu ilitoka kama ng'ombe anadai majani.

Nimerudi gereji saa saba, ganzi bado, ulimi nusu wangu nusu wa jirani. Nikapewa chai kwa mazoea, ikashuka yote kwenye kola. Hapohapo anaingia mteja na Spacio, kipele juu ya tairi la nyuma. Fundi, we pitisha rangi tu hapo. Nikasema leo huyu ndo huyu, nimpe somo lote, kutu, asidi, gamba lisilo na hisia, nje pini ndani pango. Nikafungua mdomo nikashusha. Nilichosikia mwenyewe kikitoka ni "buthi... kuthu... bango", na mate yakaongozana nayo.

Jamaa akaninusa, akaangalia saa, akamwambia mwenzake huyu fundi saa saba mchana keshalewa, twende gereji ya pale mbele.