Warsha za ngoma za orisha: wenye ngoma walikwishachora mpaka

Lawama dhidi ya warsha za kitaalamu za ngoma za Waafrika wa ughaibuni imeshazoeleka, na aghalabu hutolewa na watu wenye nia njema. Inasema kwamba ngoma zilizovuka Atlantiki pamoja na watu waliofungwa minyororo, zikapigwa vita na polisi na makasisi, zikafichwa uani na kulindwa kama ibada, leo zinauzwa kwa saa kwa mcheza dansi yeyote wa Berlin au Toronto mwenye ada mkononi. Mlipaji huondoka na cheti na hatua kadhaa za miguu, na wenyewe hubakiwa na ganda. Nimeisoma lawama hii katika sura nyingi, na karibu kila mara ina pengo lilelile: wenye ngoma wanatajwa kama watu walioibiwa, hawatajwi kama watu walioamua. Nchini Kuba, ambako mafunzo ya namna hii yana mizizi mirefu, wao ndio walioamua.

Historia yenyewe inajulikana, kwa hiyo nitaigusa tu. Zaidi ya Waafrika laki saba walifikishwa Kuba wakiwa watumwa, wengi wao katika karne ya 19, na utumwa haukufutwa huko hadi mwaka 1886. Kumbukumbu ya Wayoruba, ya Wakongo, ya watu wa Dahomey (Benin ya leo) na ya watu wa bonde la Mto Cross, mpakani mwa Nigeria na Kameruni, ilikuwa bado mbichi vizazi vichache tu kabla ya mapinduzi ya 1959. Mwaka 1962 Rogelio Martínez Furé na mtunzi wa dansi kutoka Mexico, Rodolfo Reyes, walianzisha Conjunto Folklórico Nacional, kundi la taifa la ngoma za jadi, mjini Havana. Kundi hilo baadaye likaanza kutoa kozi ziitwazo FolkCuba kwa wacheza dansi na wapigaji wa kigeni, wakifundishwa ngoma za maorisha, yaani miungu ya Wayoruba, Palo ya Wakongo, Arará ya watu wa Dahomey, na rumba kwa aina zake tatu: yambú, guaguancó na columbia.

Wanaopinga wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni ya ibada. Katika sherehe ya nyumbani mtu hachezi ili aonekane. Anacheza ili orisha ashuke, na orisha akishuka mchezaji huwa kiti, kama tunavyosema pwani kuhusu mtu aliyepandwa na pepo. Mapigo na nyimbo hufuatana kwa utaratibu unaoanza na Elegguá, mwenye njia panda, kwa sababu asipotangulizwa yeye hakuna njia itakayofunguka. Ukumbi wa mazoezi wenye kioo ukutani, ambamo mwalimu anahesabu moja hadi nane na kusimamisha kila kitu ili asahihishe mguu wa mtu, hauna njia ya kufungua. Ya pili ni ya siasa, nayo hunigusa zaidi. Dola ileile iliyowalipa mishahara wacheza ngoma hawa iliwazuia waumini kuwa wanachama wa Chama cha Kikomunisti hadi mwaka 1991. Mtu aliweza kushangiliwa jukwaani akimcheza Changó, orisha wa radi, kisha akalazimika kuzificha shanga zake za ibada kazini. Wapo wachambuzi waliohitimisha kwamba kuigeuza dini kuwa sanaa ya jadi ilikuwa namna ya kuizika kwa heshima: ipigiwe makofi, isiaminiwe.

Hoja hiyo ina ukweli kuhusu nia ya baadhi ya viongozi. Sioni kwamba ina ukweli kuhusu kilichotokea, na sababu yangu ni watu walioingia kundini. Nieves Fresneda, ambaye jina lake halitenganishwi na ngoma ya Yemayá, orisha wa bahari, alikuwa tayari mtu mzima wa makamo kundi lilipoanzishwa, na hakuna chuo cha dansi kilichomfundisha alichokuja nacho. Jesús Pérez alikuwa mpigaji wa batá, ngoma za kuwaitia maorisha, aliyelelewa kazini na Pablo Roche, mmoja wa mabingwa wakubwa wa Havana. Hawakuwa wasanii waliotumwa mitaani kukusanya hatua za kuvutia. Walitoka katika nyumba za ibada, wakaja na elimu yao, wakapewa ujira, na wakaitwa walimu katika nchi ambayo muda si mrefu kabla ya hapo iliita kazi yao uchawi. Kumsomea mtu kama huyo risala ya kwamba alitumiwa bila kujua ni kumnyang'anya akili yake mara ya pili.

Walikuja pia na mpaka ambao tayari ulikuwapo, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Batá ni ngoma tatu: iyá kubwa, itótele ya kati na okónkolo ndogo. Zile za ibada huwekwa wakfu, nguvu iitwayo aña hufungiwa ndani yake, na kwa desturi hupigwa na wanaume walioapishwa kwazo. Zile zisizowekwa wakfu huitwa aberikulá. Fernando Ortiz, mwanaanthropolojia wa Kuba, alipowaleta wapigaji wa batá mbele ya hadhira ya wasomi wa Havana katika miaka ya 1930, Pablo Roche akiwa miongoni mwao, ngoma walizopiga zilikuwa aberikulá. Sauti ni ileile kwa sikio la mgeni, mapigo ni yaleyale, lakini chombo ni kingine, na kwa muumini tofauti hiyo si ya jina tu. Kabla kundi la taifa halijawapo, kabla mgeni yeyote hajalipia kozi, wenye ngoma walikuwa wameshajibu swali ambalo wakosoaji wa leo wanaliuliza kana kwamba ndiyo kwanza linazuka: kipi kitoke nje, kwa chombo gani, na kipi kibaki ndani.

Matokeo ya uamuzi huo hayajapewa uzito unaostahili. Kwa kuwa aberikulá zipo, mwanafunzi anaweza kujifunza ngoma ya Ogún, orisha wa chuma, na panga lake au ya Oyá, orisha wa upepo, na usinga wake bila mtu yeyote kudai kwamba ibada imefanyika. Kwa kuwa aberikulá zipo, wanawake wa Obini Batá mjini Havana wamepiga batá mbele ya watu kwa miaka mingi, jambo ambalo ngoma zenye aña haziruhusu kwa desturi. Hali ni hiyohiyo kwa Abakuá, udugu wa wanaume ulioanzishwa Regla, ng'ambo ya bandari ya Havana, mwaka 1836. Hatua za íreme, mchezaji aliyefunikwa uso mwenye njuga, hufundishwa warshani na huonyeshwa jukwaani, ila kiapo na siri za udugu havifundishwi mtu kwa ada yoyote. Warsha haikuuvunja mpaka. Ilijengwa upande mmoja wa mpaka, upande ulioruhusiwa.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda Havana ili alielewe jambo hili. Sindimba ya Wamakonde imechezwa jukwaani kwa miongo mingi na watu wa kila kabila, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na sasa kinaitwa TaSUBa, kimewafundisha vijana ngoma za makabila yasiyo yao kama somo la darasani. Kujua kukata kiuno katika Sindimba hakumfanyi mtu awe amepita kumbini, na hilo linajulikana kwa kila kungwi. Ngoma imetoka, mafunzo ya jando na unyago yamebaki kwa wenyewe.

Tena sisi tuna sababu ya pekee ya kutoichukia warsha. Tarehe 10 Desemba 1962, mwaka uleule lilipoanzishwa kundi la Havana, Mwalimu Nyerere alilalamika bungeni kwamba wengi wamejifunza rumba, chachacha, twisti na walzi, huku wachache wakiijua Gombe Sugu, Mangala, Kiduo au Lelemama. Uchungu wake ulikuwa wa haki. Hata hivyo, rumba haikustahili kuwekwa kapu moja na walzi. Ilizaliwa na Waafrika na wazao wao katika bandari na nyua za Havana na Matanzas, na dansi iliyotufikia kwa jina hilo kupitia santuri na bendi za Kongo ilikuja bila kuambatana na habari za watu hao. Hili ndilo jambo ambalo mjadala wa usafi wa mila huliruka. Ngoma husafiri tu, awepo mwalimu au asiwepo. Husafiri kwa santuri, kwa filamu, na siku hizi kwa video ya sekunde thelathini kwenye simu. Kwa hiyo tunachokilinganisha si warsha na ua wa ibada uliotulia. Tunalinganisha warsha na safari nyingine ambazo hazina mwalimu ndani yake, hazina jina la orisha, wala hazina mtu wa kumwambia mgeni kwamba hapa ndipo mwisho wa ruhusa yake.

Somo lenyewe, likiendeshwa vizuri, halifanani na picha inayochorwa na wakosoaji. Chukua Yemayá. Mavazi yake ni sketi pana, na mwanafunzi mgeni huanza kwa kuipepea sketi hiyo kwa mikono, maana ndicho anachokiona. Mwalimu hodari humwambia aiweke kando kwanza. Asimame magoti yakiwa yamelegea, wimbi lianzie kiunoni, lipande mgongo hadi mabegani, taratibu, bahari ikiwa shwari. Mikono ije mwisho. Kisha iyá inaita. Itótele inaitikia, okónkolo inashikilia pigo lake kama chapuo, na mwito huo unaigeuza bahari kuwa dhoruba na kumpeleka mchezaji kwenye mizunguko ya kasi. Anayejihesabia moja hadi nane huachwa nyuma, kwa sababu mgeuko hauji kwenye namba. Unakuja mpigaji anapouleta. Mcheza dansi aliyekomaa katika bale, ambaye mwili wake unaweza karibu kila kitu, hulazimika hapo kuanza upya kujifunza kusikiliza.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kuhusu warsha yoyote linamhusu mpigaji. Kumlipa mwalimu peke yake ni rahisi. Batá zinataka watu watatu, na mwimbaji awe wa nne, wote walipwe, wote wapate usafiri na malazi. Bajeti ikibana, wa kwanza kukatwa ni hao. Hupunguzwa wakawa wawili wenye tumba (ngoma za konga), kisha mmoja, kisha muziki unatoka kwenye spika. Spika haiwezi kuita. Inatoa mgeuko uleule pahala palepale, na mwanafunzi anaukariri badala ya kuusikia. Akishaukariri, hana tena haja ya kujua iyá ni nini wala nani aliyeipiga. Warsha ikifika hapo, lawama zote nilizozitaja zinakuwa za kweli, na sina namna ya kuitetea. Inasikitisha kwamba wakosoaji wengi hupita mlangoni, wakawatazama wageni wanaocheza na kukasirika, bila kugeuza macho kutazama kona ambayo wapigaji wangepaswa kuwa wameketi.

Kwamba mafunzo rasmi yanaweza kuwa na ngoma ndani yake tangu msingi, Katherine Dunham, mcheza dansi Mmarekani mweusi, alilionyesha Marekani mapema mno. Akiwa mwanafunzi wa anthropolojia, alikwenda Jamaika, Martinique, Trinidad na Haiti mwaka 1935 na 1936, na huko Haiti aliingizwa katika dini ya vodou. Alichorudi nacho alikifanya kuwa mtaala: katikati ya miaka ya 1940 alikuwa na shule New York, ambamo yonvalou, ngoma ya Haiti ya mgongo unaojipinda kwa heshima ya nyoka Damballa, ilifundishwa kwa nidhamu ileile iliyodaiwa kwa bale, na mpigaji akiwa darasani. Mbinu yake hadi leo ina utaratibu wa kuwathibitisha walimu, hivyo si kila aliyepita darasani anayeruhusiwa kuifundisha kwa jina hilo. Yapo maswali ya haki kuhusu kuichanganya yonvalou na mazoezi ya bale, na waumini wa Haiti wana haki ya kuyauliza. Lakini anayedai kwamba kuigeuza ngoma kuwa mbinu humtenga mtu na wenye ngoma aukumbuke mwaka 1992, Dunham alipofunga kula kwa siku 47 akiwa na umri wa miaka 82, akipinga namna Marekani ilivyowatendea wakimbizi wa Haiti.

Upande wa fedha ndipo ninapokubaliana na wakosoaji karibu kabisa. Mgeni aliyesoma kozi Havana anaweza kurudi kwao Ulaya akafundisha wageni wenzake kwa malipo ambayo bingwa wa Matanzas hawezi kuyapata, kwa kuwa mgeni ana pasipoti na bingwa hana viza. Na kwa kuwa kozi kubwa zimekuwa za Havana, mtindo wa Havana umeanza kuonekana nje kama ndio mtindo wa Kuba nzima, ilhali Matanzas ina upigaji wake wa batá, ina Arará na iyesá zake, na ina kundi la rumba la Los Muñequitos de Matanzas walioanza mwaka 1952, miaka kumi kabla ya kundi la taifa. Kasoro hizi hazitatibiwa kwa kuwazuia wageni wasijifunze. Zinatibika kwa mikataba. Waandaaji wa Ulaya na Marekani wanaweza kuandika ujira wa wapigaji ndani ya ada badala ya kuuacha kama hisani, na kila kozi ya ngazi ya juu wanaweza kuipeleka Matanzas kwenyewe, ili anayetaka kufundisha apimwe na wapigaji wa huko, mbele ya batá zao, na wao ndio waamue kama cheti chake kitiwe saini.