Liuli mmeisahau

Makala yenu ya mgogoro wa mpaka wa Tanzania na Malawi kwenye Ziwa Nyasa imejaa ramani na habari za mafuta, lakini vijiji vya ufukweni hamna hata kimoja. Chukueni Liuli, wilayani Nyasa, upande wa Tanzania. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na ile sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, ilivuka ziwa na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake Mjerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza! Alikwenda kumfokea Rhoades, nahodha mwenzake waliyezoea kunywa pamoja, akaishia kutekwa.

Halafu mnatuambia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 umeweka mpaka ukingoni, upande wetu. Kwa hesabu hiyo, mama anayeteka ndoo ya maji pale Liuli amevuka mpaka bila pasi. Bibi yangu alianika usipa, dagaa wa ziwa hili, kwenye chanja hatua chache tu kutoka majini, na wifi zake waliolewa ng'ambo. Ziwa aliliita "letu", na hao wa ng'ambo aliwahesabu humo humo.