Manusura waliogeuka wafugaji kuku

Makala nzuri, ila pale mliposema Wayahudi walionusurika Vita vya Pili vya Dunia walipokelewa Marekani kwa mikono miwili, hapana. Sheria ya Marekani ya wakimbizi ya 1948 ilitaka mtu awe ameshaingia Ujerumani, Austria au Italia kufikia tarehe 22 Desemba 1945. Sasa wale waliorudi kwao Poland, wakakuta nyumba zao zinakaliwa na wengine, kisha wakakimbia tena baada ya mauaji ya Wayahudi mjini Kielce, huko huko Poland, Julai 1946? Hao sheria iliwafungia mlango mpaka ilipolegezwa 1950.

Mngegusa na Vineland, New Jersey. Familia nyingi za manusura, watu wa mjini ambao kuku walimjua akiwa kwenye sufuria, zilianza kufuga kuku wa mayai huko, baadhi kwa mikopo ya Jewish Agricultural Society, chama kilichosaidia wakulima Wayahudi. Kazi haikuwa na Jumapili: kuokota mayai, kuyasafisha kinyesi, kuyamulika moja moja kwa taa kuona kama yana doa la damu. Lakini bandani hakuna aliyekucheka Kiingereza chako, na mume na mke walifanya kazi pamoja, watoto wakiwa hapo hapo. Kwa mtu aliyepoteza ukoo mzima hilo si dogo hata kidogo.

Halafu miaka ya 1950 bei ya mayai ikaporomoka. Wengi wakauza mashamba, wakaanza moja tena, umri umeshakwenda. Watafuteni watoto wao muwahoji, wengi bado wapo.