Sindano ya kukomaza mapafu na kimeng'enya kinachomlinda mtoto tumboni

Mjamzito wa wiki 29 akifika wodi ya wazazi na uchungu umeshaanza, daktari hufikiria mapema sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto: deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne. Wapo wanaotaka kila mama aliye hatarini achomwe, hata kwenye zahanati ya kijijini. Wengine wanasita, na sababu zao si za kupuuzwa.

Vifuko vya hewa vya mtoto wa wiki 29 bado vichanga. Hewa ikitoka, kuta zake hugandana kama mfuko wa plastiki uliolowa. Kinachozuia hali hiyo ni safaktanti, mchanganyiko wa mafuta na protini. Mafuta hayo hutengenezwa na vimeng'enya vilivyo ndani ya seli za mapafu, na kwa kawaida hayatoshi mpaka karibu wiki ya 34. Homoni ya kotisoli ndiyo huvichochea. Mwaka 1969 Graham Liggins wa Auckland, New Zealand, aliona wanakondoo njiti waliopata homoni ya jamii hiyo wakipumua kinyume cha matarajio. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo ya kuijaribu kwa akina mama.

Lakini mama ana kotisoli yake tele. Mbona haimsaidii mtoto? Kondo la nyuma lina kimeng'enya kiitwacho 11-beta-HSD2, ambacho hugeuza sehemu kubwa ya kotisoli hiyo kuwa kotisoni isiyo na nguvu. Kinga hiyo ina maana: homoni hii ikizidi, viungo hukomaa haraka lakini ukuaji hudumaa. Prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, nayo hudhoofishwa hapohapo, ndiyo maana mjamzito mwenye pumu kali anaweza kupewa bila dawa nyingi kumfikia mtoto. Deksamethasoni na ndugu yake betamethasoni, nazo za jamii hiyo, hupita kwa urahisi zaidi, na zilichaguliwa kwa sababu hiyo. Basi faida na hatari zake zina mzizi mmoja.

Wanaosita hutaja utafiti wa ACT, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo. Sindano ilipelekwa mpaka ngazi ya jamii. Vifo vya watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana havikupungua. Kwa watoto wote kwa ujumla viliongezeka, takriban 3.5 zaidi kwa kila 1,000, na maambukizi kwa akina mama yakapanda. Wengi waliochomwa hawakujifungua watoto wa uzito mdogo hivyo.

Upande wa pili una utafiti wa ACTION wa Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2020, uliofanyika hospitalini, Kenya ikiwemo tena. Umri wa mimba ulipimwa kwa altrasaundi. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa, na asilimia 23.5 kwa wasioipata. Hapo hakuna haja ya kubishana: kwa njiti halisi, sindano inaokoa.

Mimi naona tafiti hizi mbili hazipingani. Dawa ni ileile. Tofauti ni nani aliyechomwa na wapi. Kinachonisumbua ni ile tabia ya kuchoma "kwa tahadhari" mama ambaye hana dalili ya kujifungua karibuni. Uchambuzi wa Finland wa mwaka 2020, wa watoto zaidi ya 670,000, ulihusisha sindano hii na matatizo zaidi ya akili na tabia, hata kwa waliozaliwa wakati wao. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, kwani akina mama hao tayari walikuwa na matatizo ya ujauzito. Hata hivyo mtoto aliyezaliwa na wiki 39 hakuhitaji msaada ule wa mapafu, ilhali dawa ilishampitia.

Kwa hiyo kabla ya kusambaza chupa za deksamethasoni kwenye zahanati, ningepeleka mashine ya altrasaundi na mtu anayejua kuisoma, kisha oksijeni na wodi ya njiti kwenye hospitali ya wilaya. Pale ambapo umri wa mimba unakisiwa kwa hedhi ambayo mama haikumbuki vizuri, gari la rufaa litamfaa zaidi.